Vidole Vilivyozikwa Langoni

Verdigre, Nebraska
9 Aprili 1979

Binti yangu Milada,

Pokea salamu kutoka huku kwenye matope. Mimi mzima ukiondoa mgongo, ambao siku hizi ndio unaoamua saa yangu ya kuamka. Farasi wote wazima, kuku wanataga, na Bi Vlasta jirani hajambo kabisa, sauti yake inafika hapa hata bila simu. Wewe je? Bado unakula vyakula vya mkebe?

Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu unaijua simu yetu ya laini moja na majirani, kila mtu anasikia. Mara ya mwisho nilipokuambia goti limevimba, Bi Vlasta alikohoa katikati ya maongezi akasema, "Lifunge na jani la kabichi, Otakar." Hili la leo sitaki alisikie kabla yako.

Theluji imeyeyuka kwa pupa, kijito kikafurika na kumega ukingo kule malisho ya chini. Pale ulipomegeka pana tabaka la lile jivu jeupe ambalo marehemu mama yako alikuwa akisugulia sufuria. Na ndani ya jivu amelala mnyama. Miguu yote minne imetokeza nje, kama mtu aliyelala na blanketi fupi. Nilidhani ni mbuzi. Kisha nikapapasa kifundo nikajiambia, hapana, Otakar, umeinua miguu ya farasi maisha yako yote, huyu ni farasi. Farasi wa kimo cha mbuzi, na mifupa yake mizito kama mawe! Kwa kuwa wewe huko makumbusho ya Lincoln unalipwa kufuta vumbi kwenye mifupa, nikaona nikujulishe.

Kazi yako ya muda inaisha Septemba, sivyo? Fuawe linakungoja. Kiatu cha farasi ulichofua kwanza bado kimetundikwa juu ya mlango wa karakana, kimepinda vilevile. Desturi unaijua: hakitoki hapo mpaka siku utakapokuwa na mlango wako mwenyewe wa kukitundika, na mimi naona mlango wako ni huuhuu.

Baba yako,
Otakar


Lincoln
12 Aprili 1979

Baba mpenzi,

Barua yako imefika ikiwa na doa la siagi, nikajua kweli imetoka jikoni kwako. Mimi sijambo. Napika mwenyewe siku hizi, ingawa mwenzangu wa nyumbani anasema ile si kupika, ni kuchoma ushahidi. Pole kwa mgongo.

Sasa Baba, nakuomba kwa herufi kubwa: USIMGUSE! Mfunike kwa turubai, weka mawe pembeni, na umfunge mbwa. Farasi wa kimo cha mbuzi ndani ya jivu lile si farasi aliyepotea zizini kwa mtu. Jivu lile lilishuka miaka milioni kumi na mbili iliyopita. Nikiona meno yake nitakuambia jina lake. Tutakuja na gari na plasta ya kufungia mifupa mwezi ujao, barabara zikikauka.

Kuhusu Septemba tutazungumza. Kile kiatu kimepinda kwa sababu ulinigombeza nikiwa na nyundo hewani.

Mwanao,
Milada


Verdigre
14 Aprili 1979

Binti yangu,

Heri ya Pasaka. Natumai u mzima. Barua yako sijaipata, posta wamelala, lakini furaha haingoji posta. Ndani ya sanduku hili kuna miguu minne ya yule mnyama. Nimeanza na miguu, kama ilivyo kawaida ya fundi wa kwato. Kichwa na kiwiliwili nimeviacha ukingoni chini ya turubai, hivyo si fani yangu.

Utaona miguu ilivyo safi. Nimeiosha kwenye birika la kunyweshea farasi na kuipiga brashi. Ilikuwa imeingiliwa na takataka: pembeni mwa kila mguu kulikuwa na vijifupa vyembamba na vidole vidogo, bila shaka vya mbwa mwitu aliyesombwa na maji. Nimevichomoa vyote nikavitupa kwenye ndoo ya changarawe. Farasi ni ukwato mmoja kila mguu. Ukiona zaidi ya hapo, mtu amekuuzia ng'ombe.

Bi Vlasta ameoka kolache, vile vimkate vyetu vitamu, za mbegu za popi. Nimekuwekea tatu juu ya mifupa. Ukikuta mbili, mwulize karani wa posta.

Baba yako,
Otakar


Lincoln
19 Aprili 1979

Baba,

Salamu kwanza, maana ulinifundisha adabu. Sijambo. Kolache zilikuwa mbili. Mshukuru Bi Vlasta.

Sasa tafadhali vuta kiti ukae. Wale si mbwa mwitu. Vidole vile ni vya farasi mwenyewe! Alikuwa na vidole vitatu kila mguu: cha kati kikubwa chenye ukwato, ndicho kilichobeba uzito, na viwili vidogo vya pembeni vilivyoning'inia bila kugusa ardhi akisimama. Vilimfaa kwenye tope, au pale alipogeuka ghafla kwa mbio, mguu ukizama. Baba, umemkata vidole vinane!

Dokta Halvorsen, mkubwa wetu hapa, aliishika ile miguu akasema hajawahi kuona mifupa iliyosuguliwa kwa bidii hivyo. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Kisha nikaenda chooni nikalia bila kucheka. Tuna mafundo ya vidole vya pembeni vya farasi wengine, kimoja huku kimoja kule. Lakini mmoja mwenye miguu yake yote minne, kamili, hatujawahi kumpata.

Ndoo iko wapi?

Mwanao,
Milada


Verdigre
27 Aprili 1979

Milada binti yangu,

Salamu. Ni mzima, ila nimeaibika, na kuaibika kunakaa palepale kwenye mgongo. Barua yako ya USIMGUSE ilifika siku mbili baada ya mimi kutuma sanduku. Nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena.

Vidole vitatu! Nimemwambia Bi Vlasta, maana alikuwa ameshasikia nusu. Akasema, "Miaka hamsini unashika kwato, na umeshindwa kuhesabu mpaka tatu?" Nikamwambia mimi farasi huwa nahesabu mpaka moja, basi.

Ndoo. Ile ndoo, mwanangu, niliimwaga Jumamosi ya Pasaka kushindilia nguzo za lango jipya la zizi. Bi Vlasta ndiye aliyeshika nguzo. Kabla hujapiga kelele: sikutia saruji, saruji ni ya wavivu. Ni changarawe, udongo na mtaimbo. Lakini ni lango zuri kuliko yote niliyowahi kujenga, na nyuma yake wapo majike watatu wa mfugaji Jirak, walioletwa kuzalia hapa. Jike mwenye mimba ukimwangushia lango mbele yake, unatafuta msiba. Vidole vyako vimengoja miaka milioni kumi na mbili, vitangoja majike wazae.

Baba yako,
Otakar


Lincoln
18 Juni 1979

Baba mpenzi,

Habari za mgongo na za majike? Mimi sijambo, mikono yangu tu ndiyo imejaa plasta. Asante kwa jinsi ulivyotupokea mwezi uliopita. Dokta Halvorsen mpaka leo anazungumzia soseji zako na kabichi chachu, na hajakusamehe kwa polka uliyomlazimisha kucheza na Bi Vlasta. Nilikuona ukisimama mbele ya lango muda wote kama askari. Sikusema kitu mbele ya wageni.

Nimefungua kichwa chake. Meno yamenipa jina: anaitwa Pseudhipparion. Ndiyo, najua utasema jina ni refu kuliko mnyama. Ni jike, amekomaa, meno yamelika. Meno yao yalikuwa marefu, yamezama ndani ya taya na kupanda polepole kadiri yalivyolika, kwa sababu majani ya nyika yana mchanga na hula meno kama tupa yako inavyokula ukwato. Wangekuwa na meno kama yako, Baba, ya kulaza kwenye glasi ya maji, wasingemaliza kiangazi.

Waliishi makundi makundi, hapohapo unapolima. Hakukuwa na baridi hii yetu. Kulikuwa na nyika, miti ya hapa na pale, ngamia, na vifaru wanene wenye miguu mifupi waliokaa majini kutwa. Farasi wetu alikuwa mdogo kuliko wote, mwepesi wa mbio, maana kila chenye meno makali kilimtamani. Kisha volkano ikalipuka mbali sana magharibi, na upepo ukaleta jivu. Liliwashukia kama theluji. Walilila pamoja na majani, wakalivuta puani, vifua vikajaa. Wakaja kwenye dimbwi kutafuta maji na ubaridi. Wadogo walitangulia kufa, vifaru wakawa wa mwisho. Jivu lile alilosugulia Mama sufuria ndilo lililomuua huyu, na ndilo lililomtunza.

Kuna jambo jingine, usicheke. Ukipapasa mguu wa farasi yeyote, nyuma ya mfupa mkubwa, utakuta vile vijiti viwili vyembamba unavyovilaani kila farasi akichechemea. Hivyo ndivyo vidole vile. Ndivyo vilivyobaki.

Sasa nikuambie wazi. Kwenye ukumbi mpya kuna kabati moja la kioo mlangoni. Ni yeye au ni fuvu la kifaru. Dokta Halvorsen amesema farasi akisimama kwa miguu yake kamili kabla Agosti haijaisha, kabati ni lake, na mimi niliyemtengeneza napewa meza ya kudumu. Bila vidole ni farasi mdogo tu, kifaru ataingia, na mimi Septemba nitafunga virago. Naitaka kazi hii, Baba. Naitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Najua unachokitaka wewe, na inaniuma kukuandikia hivi.

Mwanao,
Milada


Lincoln
23 Julai 1979

Baba,

U mzima? Zaidi ya mwezi sijapata hata mstari. Nilipiga simu mara mbili, akapokea Bi Vlasta kutoka kwake kabla yako, akasema, "Yupo, anakula, hasemi." Nikimwuliza kuhusu lango anaanza kuniambia habari za nyanya zake.

Kama nilikukosea kwa maneno yangu, nisamehe. Kama ni mgongo, niambie nije. Huyu farasi tayari amesimama kwenye vyuma, ila kwato sijamfunga nikingoja vidole vya pembeni, kwa hiyo anaishia vifundoni. Kila asubuhi namkuta pale, anaelea.

Mwanao,
Milada


Verdigre
11 Agosti 1979

Binti yangu Milada,

Salamu nyingi. Ni mzima, mgongo pia umetulia kwa sababu sikuupa kazi. Hukunikosea. Anayekupa barua hii na huo mkebe wa kahawa ni Bi Vlasta, anakuja Lincoln kwa dada yake. Usiufungue ukiwa umesimama. Mpe maji kwanza, anaendesha gari kama anafukuzwa.

Vidole vimo ndani, nimevifunga kwa sufi. Vinane. Kimoja kimevunjika kwa mtaimbo wangu, nisamehe, vipande vyote vimo.

Nieleze ilivyokuwa. Jike wa tatu wa Jirak alizaa siku chache kabla ya barua yako ya Julai. Kesho yake niling'oa nguzo, nikachekecha changarawe kwa chekeche la jikoni, na kufikia jioni vidole vyote nilikuwa navyo. Nikaviosha, safari hii polepole, nikavipanga mezani kwenye ile sahani ya mama yako yenye maua. Na hapo vikakaa.

Nilikuwa nakula nikivitazama. Nikivituma, unabaki huko. Nikivinyamazia, Septemba unashuka kwenye basi na begi lako, na karakana ina mtu. Hakuna aliyenitaka nifanye lolote, ilikuwa ni kunyamaza tu, na kunyamaza mimi najua. Mwanangu, naumia kukaa peke yangu kwenye karakana ile. Nimekuambia sasa.

Bi Vlasta aliingia na kolache, akatafuta pa kuweka sinia, akaona sahani. "Hivyo ni vidole vya watu," akasema.

"Vya farasi," nikasema.

"Vya Milada," akasema. "Otakar, unamshikilia mfu miguu ili aliye hai asiondoke. Huoni haya?"

Nikamwambia aende zake na kolache zake. Akaenda zake, na kolache zake kweli akazibeba! Hapo nikajua mambo yamekuwa mazito.

Nikatoka kumwona mtoto wa yule jike. Alikuwa amesimama, miguu mirefu, hajui aipeleke wapi. Nikaushika mguu wake wa mbele nikapapasa nyuma ya mfupa. Vijiti viwili, vyembamba kama penseli, vikiishia hewani, kila kimoja na kijifundo nchani. Nimevishika kwa maelfu, nimevitukana kwa Kicheki na kwa Kiingereza, na sikuwahi kujua ninaloshika. Maisha yangu yote nimekuwa nikimshika mkono bibi yao bila kumwamkia.

Nilibaki nimechutama pale mpaka mama mtu akanisukuma na pua. Kisha nikaenda kwa Bi Vlasta, nikamwuliza lini anakwenda Lincoln. Akasema alikuwa ameshapakia gari tangu juzi.

Msimamishe, Milada. Msimamishe sawasawa, uzito kwenye kidole cha kati.

Baba yako,
Otakar


Lincoln
24 Agosti 1979

Baba yangu,

Natumai barua hii inakukuta mzima, na kwamba Bi Vlasta amekurudishia kolache.

Vimeingia! Vyote vinane. Kilichovunjika nimekiunga kwa gundi, na mstari wake unaonekana ukijua pa kutazama. Sitaufuta, ni alama ya mtaimbo wako. Jana saa nne tulikaza chuma cha mwisho, Dokta Halvorsen akamzunguka mara kadhaa. Kisha akasema, "Kifaru atasubiri." Nikamkumbatia. Hajazoea.

Amesimama kwenye kioo, Baba, amegeuza shingo kidogo kama aliyesikia kitu nyuma ya majani. Uzito uko kwenye kidole cha kati. Wanafunzi wa shule moja walipitishwa mapema, binti mmoja akauliza, "Nani alimfanyia miguu mizuri hivyo?" Nikasema baba yangu, na tena alimfanyia mara mbili.

Nimepewa meza yangu, karibu na dirisha, kwenye chumba chenye mlango wake. Nililisoma lile neno lako kuhusu karakana mara nyingi. Mimi pia naumia. Napenda harufu ya ukwato ulioungua kuliko manukato yoyote, na hapa ikinijia usingizini naamka nikikutafuta. Sijui nani atashika nyundo yako. Ila, Baba, kila kiangazi nitakuja kushika miguu ya nyuma, wewe ukae kwenye kiti unigombeze.

Ukumbi unafunguliwa tarehe 15 Septemba. Najua hupendi mji, na hujawahi kuona ninapofanya kazi. Njoo.

Mwanao,
Milada


Verdigre
3 Septemba 1979

Binti yangu Milada,

Salamu za mavuno. Ni mzima. Kolache zimerudi, za plamu, na mwenye kuzioka amerudi nazo, anakaa mpaka saa ya chakula na kunieleza jinsi ya kushika uma. Lango nimelijenga upya. Safari hii changarawe niliipitisha kwenye chekeche kwanza.

Jirak ana mjukuu wa kike, Ludmila, miaka kumi na tisa, mabega kama ya fahali na mdomo kama wa Bi Vlasta. Juma lililopita alimleta farasi wake akabaki kutazama, kisha akaniambia nashika tupa vibaya. Nikampa tupa. Jana amefua kiatu chake cha kwanza. Kimepinda kuliko chako, sikujua inawezekana.

Basi nikapanda ngazi kukitundika juu ya mlango, kama desturi, na Bi Vlasta chini ananiambia nitaanguka. Msumari ni ule mmoja tu, alioupiga babu yangu, na juu yake kulikuwa na cha kwako. Nikasimama juu ya ngazi nacho mkononi. Ni chepesi kuliko nilivyokumbuka. Nililia kidogo, nakuambia wewe, huyo wa chini nilimwambia ni vumbi.

Nakileta tarehe 15. Bi Vlasta ndiye dereva, kwa hiyo tutafika tarehe 14. Huyo bibi mdogo wa kwenye kioo nitamwamkia kwanza, nina deni la adabu kwake. Halafu unionyeshe mlango wako. Nyundo naleta yangu.

Baba yako,
Otakar